Nilisogeza magodoro kumpisha mgeni rasmi: kisa cha mashindano ya riadha ya ndani, Moshi

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote nasoma visa vya wenzangu, nacheka, nalaumu, napita. Leo ni zamu yangu kulaumiwa. Ninachoandika kimetokea chote. Majina nimebadilisha, na chuo sikitaji kwa sababu aliyekosea ni mimi. Mkinikuta mahali najitetea, nikamateni hapo hapo.

Uzi ni mrefu kidogo, tuvumiliane.

Miaka michache nyuma nilikuwa mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja pale Moshi. Mimi si Mchagga. Baba alitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini, tukazaliwa na kukulia kwenye nyumba za kambi. Mlima nimeujua kwa kuutazama kutoka bondeni.

Chuoni nilikuwa waziri wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi. Waliopita vyuoni wanajua ile wizara kazi yake ni kugawa jezi na kutafuta filimbi iliyopotea. Mimi nilitaka niache jina. Nilitaka siku nikiondoka watu waseme, yule jamaa alifanya kitu.

Sasa Moshi mwezi wa nne ni mvua. Uwanja wetu ukinyeshewa siku mbili mfululizo unaweza kupanda mpunga. Mashindano ya riadha kati ya vyuo vya pale mjini yalikuwa yameshaahirishwa mara mbili kwa ajili ya matope.

Nikaja na wazo: kama nje hakukimbiliki, tukimbilie ndani. Indoor, kama wanavyofanya kwenye nchi za baridi. Kwenye kikao walinicheka sana.

"Mheshimiwa, tutakimbilia kantini?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikawanyamazisha nilipowapeleka kwenye ghala.

Maeneo ya relini kulikuwa na ghala la zamani la kahawa, mali ya mzee mmoja ambaye biashara yake ilikuwa imelala. Refu balaa. Bati juu, zege chini, katikati nguzo za mistari miwili kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa mwisho. Harufu ya kahawa ilikuwa bado imo. Mzee akatupa bure, sharti lake moja tulifagie. Tulilifagia siku mbili, watu wakapiga chafya wiki nzima.

Kati ya ile mistari ya nguzo mlipatikana njia nne za kukimbilia. Pembeni, nyuma ya nguzo, upande mmoja tukaweka kuruka juu, upande mwingine kutupa tufe, likitua kwenye magunia ya mchanga.

Mtaalamu wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo anayeishi Shirimatunda, nimwite Mwalimu Kimaro. Alikuja na futi ndefu ya fundi, akapima ghala lote akiwa amepiga magoti. Ghala lilitosha mbio za mita sitini, na baada ya mstari wa kumalizia zikabaki mita kumi na sita mpaka kwenye ukuta.

Pale ukutani tukasimamisha magodoro ya stoo ya hosteli, tabaka mbili, yakamfika mtu kifuani. Mwanariadha akimaliza anapunguza mwendo kwenye zile mita kumi na sita, akiishiwa nafasi anapokelewa na godoro.

Mwalimu alinishika bega akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo:

"Kijana, mtu wa mita sitini akifika mwisho ndiyo kwanza mwendo umekolea. Hasimami kwa kupenda, anasimama kwa nafasi. Hizi mita usiziguse hata aje nani."

Nikamjibu, "Nimekuelewa mwalimu." Na kweli nilikuwa nimemwelewa. Hapo sina pa kujifichia.

Sasa niwatambulishe kwa Manka.

Manka alikuwa mwaka wa pili, anasomea ualimu. Kwao ni Uru, kule juu, mtoto wa kwanza kwa mama aliyebaki peke yake na ng'ombe wawili na kihamba cha migomba na kahawa. Mwembamba, mkimya, akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Lakini umuweke kwenye mstari, jamani! Yule binti alikuwa anakimbia mpaka unajiuliza kama chini anakanyaga.

Mama yake hakuwa anaelewa mambo ya mbio. Manka alikuwa anatusimulia jinsi mama anavyomuuliza, "Unakimbia, nani anakukimbiza?"

Kwa Manka kulikuwa na jambo kubwa. Kocha wa timu ya kikosi kimoja cha jeshi alikuwa amekubali kuja kutazama fainali za wasichana. Mnajua hapa kwetu mwanariadha akichukuliwa na kikosi amepata ajira. Manka alijua, na aliniambia mwenyewe wiki ile: "Kaka, nikipata hii, mama anaacha kubeba majani ya ng'ombe kichwani. Nitaweka mtu."

Ndiyo mara pekee nilimsikia akiongea sentensi ndefu.

Siku ikafika. Jumamosi, mvua tangu alfajiri. Nilifurahia ile mvua, maana ilikuwa inanithibitishia kwamba nina akili.

Asubuhi tukafanya mchujo. Mambo yakaenda vizuri kuliko nilivyoota. Vyuo vinne, watu wamejaa kwenye nguzo, kelele mpaka bati linatetemeka. Manka alishinda kundi lake, akapita mstari, akapunguza taratibu, akafika kwenye magodoro akiwa anatembea. Akaligonga godoro kwa kiganja kama anamsalimia mtu, akarudi.

Saa sita Mwalimu Kimaro akaondoka. Alikuwa na msiba Old Moshi, mazishi ni saa nane, na kwa umri wake asingeweza kukosa. Akasema atarudi saa kumi, tumsubiri kwa fainali ikibidi.

Haikupita nusu saa, simu ikaita. Mtu wa itifaki. Mgeni rasmi amethibitisha, anakuja, na ana msafara wa watu wanane. Meza kuu iko wapi?

Wakuu, naomba nipumzike hapa niseme kitu kuhusu meza kuu.

Sisi Watanzania hatuwezi kufanya jambo bila meza kuu. Kikao cha watu sita, watatu wako meza kuu. Lazima kitambaa, lazima maua ya plastiki, lazima chupa za maji zipangwe na karatasi zenye majina. Mtu aliyefanya kazi anasimama nyuma, ambaye hakujua hata kama kuna shughuli anakaa mbele. Nasema hivi siyo kwa dharau, maana mimi mwenyewe niliamini. Mgeni rasmi kwangu ndiye angeifanya siku iwe siku.

Nilikuwa nimepanga meza moja pembeni, karibu na tufe. Mtu wa itifaki alipofika akaitazama akacheka kwa pua.

"Mgeni rasmi hakai nyuma ya nguzo, kijana. Anakaa mbele, anawaona wakimbiaji wanamjia."

Mbele ya wakimbiaji kulikuwa na sehemu moja tu kwenye lile ghala. Ukutani. Pale penye magodoro.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kupunguza mbio ziwe mita hamsini. Ningeweza kumsubiri mwalimu. Lakini kwenye bango tulikuwa tumeandika sitini, kwenye vyeti sitini, na mimi nilitaka waseme tulikimbia sitini kama dunia inavyokimbia. Nikasema, "Hakuna shida, tutampanga."

Tukaleta jukwaa la mbao, tukalisukuma mpaka ukutani, tukapanga meza na viti, zulia jekundu juu yake. Halafu tukayasogeza magodoro mbele ya jukwaa. Nilipima kwa hatua zangu. Zilibaki kama mita saba.

Na bado magodoro yalikuwa marefu, mgeni angeona vichwa tu. Kwa hiyo tukayalaza, yakafika usawa wa goti. Nikaweka maua juu yake ili yasionekane mabaya.

Mimi ndiye niliyeweka yale maua. Hakuna aliyenituma.

Fainali zilikuwa saa nane. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Wanariadha wamekaa kwenye zege, wamejifunika khanga na masweta, miili imepoa. Saa kumi kasoro likaja gari. Mgeni rasmi amepata dharura, amemtuma mwakilishi. Mwakilishi mwenyewe alikuja na watu wawili. Viti sita vya meza kuu vikabaki vitupu.

Fainali ya wasichana ikaitwa kwanza, wakaingia kwenye mstari. Ndipo Manka akatoka njiani, akatembea mpaka mwisho wa ghala, akasimama akiangalia chini, akarudi moja kwa moja kwangu.

Mvua ilikuwa inapiga bati, tukawa tunaongea kwa kukaribiana.

"Kaka, mbona pamepungua?"

Nikamwambia, "Pako vilevile Manka, ni mapambo tu yanakuchanganya. Nenda."

Wakuu, haya ndiyo maneno yenyewe. Sikuteleza ulimi. Nilijua ni saba, yeye alijua alichokiona asubuhi, na nilimwangalia machoni nikamwambia ni vilevile. Kwa sababu mwakilishi alikuwa ameshakaa, mshereheshaji ameshashika kipaza sauti, na mimi sikutaka aibu.

Aliniangalia kidogo. Halafu akaniamini. Akarudi kwenye mstari.

Alishinda. Naomba hilo lisipotee, alishinda kwa mbali. Kocha alisema baadaye ule ndio ulikuwa muda mzuri kuliko wa mtu yeyote siku ile.

Lakini msichana anayekimbia mbele ya macho ya kocha hapunguzi kabla ya mstari. Alipita mstari akiwa amefunguka kabisa, akaanza kujizuia kama alivyojizuia asubuhi, na asubuhi alikuwa na mita kumi na sita. Magodoro yakamkata miguu usawa wa goti, akapinduka juu yake, goti la kulia likagonga ukingo wa jukwaa.

Chupa za maji zilidondoka zikabingirika mpaka kwenye nguzo. Mwakilishi akasimama akaanza kukung'uta suruali. Manka hakupiga kelele. Alikuwa ameshika goti kwa mikono miwili anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, kama mtu anayekataa kitu anachopewa.

Kocha alifunga daftari lake akaja kusaidia kumbeba. Ni mtu mzima, alikuwa na machozi.

Sitawaeleza ya hospitali. Kano za goti zilikatika, akafanyiwa upasuaji, akatembelea magongo muda mrefu. Anatembea sasa, lakini kwenye mteremko anashika kitu. Na Uru, wanaopajua wanajua, yote ni mteremko.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya pale, maana mpaka hapo mtu anaweza kusema ni ajali.

Alipoondolewa tu, niliwaambia vijana wangu wabomoe jukwaa na warudishe magodoro stoo, eti mzee mwenye ghala anataka eneo lake. Mwenyewe nikainama nikabandua selotepu nyekundu ya mstari wa kumalizia. Mwalimu Kimaro akarudi kutoka msibani akakuta ghala linafagiliwa.

"Magodoro yalikuwa wapi?" akaniuliza.

"Pale pale mwalimu. Binti aliteleza."

Aliangalia sakafu muda mrefu, pale jukwaa lilipokuwa, pamebaki pakavu na pasafi. Akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Kuanzia siku ile simu zangu hapokei.

Chuo kikaunda kamati ndogo. Wakaniuliza kama washiriki walipewa maelekezo ya kupunguza mwendo. Nikasema walipewa. Ni kweli, asubuhi. Wakaniuliza kama eneo la kusimamia lilitosha. Nikasema lilipimwa na mtaalamu. Ni kweli pia. Orodha ya mashahidi niliiandaa mimi, na jina la mwalimu sikuliweka. Vijana wangu waliobeba jukwaa hawakuulizwa, na wao hawakujua zile mita zilikuwa na maana gani.

Manka alikuwa bado kitandani. Walimfuata huko wakamhoji kama dakika kumi. Alisema aliniuliza, na mimi nikamwambia pako vilevile. Waliporudi kwangu nikasema simkumbuki kuniuliza chochote, kulikuwa na kelele za mvua.

Ripoti ikatoka. Mshiriki hakuzingatia maelekezo ya kupunguza mwendo baada ya mstari wa mwisho. Sahihi, muhuri. Nakala ikapelekwa nyumbani kwao Uru. Nilijua imepelekwa, na nililala usingizi.

Maisha yakaendelea, kwangu mimi. Nikamaliza. Kwenye CV nikaandika nimeasisi mashindano ya kwanza ya riadha ya ndani pale Moshi. Kwenye usaili walinipongeza kwa ubunifu. Leo mimi ni afisa michezo kwenye halmashauri moja, naitwa mkuu wangu, nakaa meza kuu.

Mwaka huu nilikuwa likizo nyumbani, nikapita sokoni Moshi kununua ndizi. Mama mmoja akanishika mkono.

"Wewe si yule kiongozi wa michezo?"

Ni mama yake Manka. Amezeeka ghafla, mgongo umeinama. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba kwa furaha kabisa, hakuniachia mkono. Alikuwa ananikumbuka nilivyokuwa naenda hospitali na juisi na salamu za wanafunzi. Akawaambia wenzake waliokuwa wanauza pembeni, huyu baba alimhangaikia sana mwanangu.

Halafu akasema hivi, na alisema kwa upole tu, kama mtu anaeleza hali ya hewa:

"Sema mwanangu ana kiherehere. Aliambiwa apunguze hakupunguza. Na mpaka leo hataki kukubali, anasema eti mlimdanganya. Nimemwambia Manka, chuo kizima kiseme uongo, wewe peke yako ndiyo mkweli? Barua ninayo, ina muhuri."

Nilitaka ardhi inimeze. Mimi miaka yote hii nilikuwa najihesabia goti. Nilijua nimemvunja goti mtoto wa watu. Sikuwahi kufikiria kwamba yule binti anaamka kila siku kwenye nyumba ambayo mama yake mzazi anamwona mwongo. Na aliyemthibitishia ni mimi, kwa karatasi.

"Njoo Jumapili nyumbani," mama akasema. "Manka atafurahi."

Rafiki yangu mmoja wa Kibosho nilimweleza kila kitu. Akaniambia, Wachagga wana njia yao. Chukua jani la sale, lile la kijani linalopandwa mipakani, ufunge fundo, uende nalo. Ukimpelekea mtu sale kuomba msamaha, kwa mila hakatai. Hata kama umemwulia ndugu yake.

Nikaona hapo nimepona. Nawaambieni ukweli, nilipumua.

Jumapili baada ya misa nikapanda Uru, jani kwenye mfuko wa shati. Mama alikuwa ameshaandaa mtori, nyumba imefagiliwa, kikombe cha maziwa kinanisubiri. Manka akatoka ndani. Amenenepa kidogo. Akanipa mkono, "Karibu kaka," akakaa mbali.

Sikula. Nikasema mama, kabla ya chakula nina neno. Nikaeleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi, meza kuu, mita saba, maua, swali la Manka na jibu langu, kamati, jina la mwalimu. Sikuacha kitu.

Mama alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini. Akamwita Mungu kwa Kichagga, "Ruwa," mara moja tu. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Alikuwa hanitazami mimi kabisa, alikuwa anamtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa anatazama mlango.

Ndipo nikatoa lile jani, nikamsogelea Manka, nikapiga magoti.

Manka akaweka mikono nyuma.

"Usinipe," akasema. "Wewe umeambiwa nikishika hilo siwezi kukataa, ndiyo maana umelileta. Siku ile ulinipangia pa kusimama. Leo unataka unipangie na kusamehe."

Mama akataka kusema kitu kwa Kichagga. Manka akamjibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Mama, nilikuambia mwaka wa kwanza. Nikakuambia wa pili. Ukaniambia barua ina muhuri." Akanigeukia. "Mimi sitaki jani. Mletee mama karatasi. Yeye anaamini karatasi."

Nikashuka na jani langu.

Nilikwenda chuoni wiki ile ile. Wakanipokea vizuri, wakaniambia waliokuwa kwenye kamati wengine wameshahama na jalada limefungwa, niandike barua ya kuomba lifunguliwe, wataipitia. Nimeandika, nasubiri. Lakini sikutaka mama yule asubiri na mimi.

Nikaandika maelezo yangu mwenyewe, kurasa mbili kwa mkono. Nikaenda nayo kwa mtendaji wa kijiji kule kwao Uru. Mtendaji akayasoma, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Una uhakika unataka nigonge hapa? Wewe ni mtumishi wa serikali." Nikasema gonga. Akagonga kurasa zote mbili.

Kama kazi itaniponyoka kwa hiyo karatasi, iniponyoke. Nakala niliipeleka pia kwa Mwalimu Kimaro. Aliipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

Nilipofika kwa kina Manka walikuwa wanakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Mama anabeba, Manka anafunga mizigo, maana kubeba hawezi. Nikampa mama ile karatasi kwa mikono miwili.

Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye muhuri akaupitishia kidole gumba. Akamaliza, akaikunja, akaenda akakaa chini kwenye majani karibu na Manka, akaweka kichwa begani kwake. Mama ndiye aliyeweka kichwa begani kwa mtoto. Manka akaacha kufunga mzigo, akamshika.

Nilisimama pale kama dakika tano sijui niondoke au nibaki.

Manka akasema bila kuinua uso, "Asante kwa karatasi kaka. Sasa usirudi tena hapa."

Nilimtazama mama. Mimi nilidhani atasema usiseme hivyo kwa mgeni, kama kina mama wa kule wanavyosema. Hakusema.

Nikasema sawa. Nikashuka.

Wakuu, hayo ndiyo. Msamaha sikupata, na nimeanza kuelewa kwamba sikuwa nimekwenda kuutafuta kwa ajili yake, niliutafuta kwa ajili yangu, nilale.

Nilichojifunza ni hiki. Kosa la mita nililifanya kwa dakika ishirini, kwa haraka na kwa ujinga. Watu hukosea, kila mwandaaji wa shughuli anaweza kukosea. Lakini kumwacha mtu abebe kosa langu nililifanya kila asubuhi kwa miaka, nikiwa na akili timamu, nikiwa nimekunywa chai. Hilo ndilo lililomla yule binti, na goti lilikuwa mwanzo tu.

Na ninyi mnaoandaa shughuli, za michezo, harusi, mahafali, chochote kile: mtu wa chini kabisa akija kukuuliza "mbona pamepungua", simamisha shughuli. Acha mgeni akasirike. Atapanda gari lake aende.

Sasa semeni. Matusi nayapokea, nayastahili, sitajibu. Ila nina ombi kwa yule anayesoma huku anajua kuna mtu mahali anaitwa mwongo, mzembe au mwizi kwa kosa ambalo ni lako. Niambie unasubiri nini. Mimi nilikuwa nasubiri nisahau, na sikusahau, na kila siku niliyosubiri alikuwa anailipa Manka.